Aliyestahili kufungiwa ni muuaji, si mtoto

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Nchi nzima inaujua kwa pamba. Lakini pamoja na majirani zake wa Kanda ya Ziwa umebeba pia jina jingine lisilopendeza. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kama swala, wakakatwa mikono na miguu, kwa imani kwamba viungo vyao huleta mali, dhahabu na ushindi wa uchaguzi. Mei 2014, mkoa ukiwa na miaka miwili tu, mwanamke mwenye ualbino aliuawa kijijini humo humo Simiyu.

Kulaani ni rahisi, na tumelaani sana. Leo nataka tuulizane swali moja ambalo laana haijibu. Mtu anapowindwa na jirani zake, nani anastahili kuondolewa katika jamii: anayewindwa au anayewinda?

Majibu tuliyotoa kwa vitendo yanajulikana. Watoto wenye ualbino walikusanywa kutoka vijijini na kupelekwa katika vituo na shule za bweni zenye ulinzi. Buhangija, Shinyanga, iliyoanza kama shule ya wasioona, ilijikuta imepokea mamia ya watoto. Mitindo, Misungwi, nayo ikapokea wengine. Wapo watoto waliokaa huko miaka mingi bila kuonana na wazazi wao. Muuaji alibaki kijijini akilima pamba yake, akihudhuria misiba na kucheka harusini. Mtoto ndiye aliyekaa nyuma ya ukuta.

Najua mtu atasema: "Wewe ungefanya nini? Ungemwacha mtoto achinjwe?" La hasha. Usiku ule wa hatari, kumhamisha mtoto ilikuwa ni wajibu, na Allah (S.W.) awalipe kheri walinzi, walimu na walezi waliofanya kazi hiyo. Lakini wanazuoni wetu wa fiqhi wametufundisha kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Aliyeruhusiwa kula nyamafu kwa sababu ya njaa hakuruhusiwa kufungua bucha la nyamafu. Sisi tulichukua ruhusa ya usiku mmoja tukaigeuza utaratibu wa miaka, kisha tukauita utaratibu huo "kuwasaidia walemavu". Hapo ndipo kosa lilipo.

Maana kumficha mtu humwokolea roho, lakini hakumpi haki yake. Haki ya mtoto ni kulala kwao, kusoma na watoto wa mtaa wake, kutumwa dukani na kurudi salama. Anayefichwa anafundishwa kwamba tatizo ni ngozi yake. Na wanaobaki kijijini wanafundishwa jambo baya zaidi, kwamba kijiji kinaweza kuendelea vizuri bila yeye. Kizazi kinachokua bila kucheza naye kitaamini lolote atakaloambiwa na mganga, hata uongo wa kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka.

Tutazame mafundisho yetu. Katika Surat Ar-Rum Allah anahesabu kutofautiana kwa rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Kwa hiyo anayeidharau ngozi hiyo anaidharau ishara ya Muumba. Na Surat Abasa tunaisoma wengi, ila hatuizingatii. Sahaba asiyeona, Abdallah ibn Umm Maktum, alikuja kutafuta elimu wakati Mtume (s.a.w.) akizungumza na vigogo wa Kikureshi. Aya zikashuka kumtetea kipofu yule, zikasomwa mpaka leo. Baadaye akawa mwadhini wa Madina, na Mtume akamwachia mji alipotoka safari.

Lipo jingine lenye uzito zaidi katika mjadala huu. Imepokewa kwamba asiyeona alimwomba Mtume ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza. Akaulizwa kama anaisikia adhana. Aliposema ndiyo, akatakiwa aitikie. Wanazuoni wana maelezo yao kuhusu udhuru na sitaki kuwaingilia. Lakini angalia: hakuambiwa akae nyumbani apelekewe sadaka. Nafasi yake katika safu haikufutwa. Na kama nafasi ipo, basi kusafisha njia ya kuifikia ni jukumu letu sote.

Wenzetu wanaopenda kusema kwamba nchi haina sheria nao wakumbushwe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Msomaji, hesabu katika ofisi yako, ukianza na ofisi za taasisi zetu za Kiislamu. Leseni za waganga zilifutwa Januari 2009, na bado mwaka 2014 damu ikamwagika Simiyu. Mwaka 2015 marufuku ikatangazwa tena kwa wapiga ramli. Juni 2024 mwili wa mtoto mdogo mwenye ualbino, aliyeporwa nyumbani kwao, ukapatikana Muleba, Kagera. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kwamba serikali yetu imekiuka haki za raia hawa. Marufuku hukata matawi. Mzizi ni mteja.

Na mteja ni nani? Sisi wa mijini tunapenda kusema, "hayo ni mambo ya Wasukuma". Mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu anayengoja msimu ndipo alipe karo ya mwanawe atatoa wapi mamilioni yanayotajwa? Mwenye fedha hizo ni mwenye duka, mwenye mgodi, mwenye kutafuta cheo. Ni mtu wa mjini mwenye suti au kanzu. Ndiyo, na kanzu. Tazama matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme: mara "Shehe" fulani, mara "Ustadhi" fulani, anasafisha nyota na kuvuta utajiri. Si kila mpiga ramli ni muuaji, lakini kila anayemwendea ananunua bidhaa ya duka lile lile: imani kwamba rizki iko mikononi mwa mganga. Mtume ameonya kwamba anayemwendea mtabiri na kumsadiki amekufuru yale aliyoteremshiwa. Tunayasema haya kwenye mimbari kwa sauti ndogo mno, pengine kwa sababu wachangiaji wa msikiti wamo.

Vyombo vya habari navyo, likiwemo gazeti unalosoma, vina sehemu yao. Tuliandika bei za viungo kama tunavyoandika bei ya pamba, tukidhani tunafichua uovu. Kila bei iliyochapishwa bila kusema wazi kwamba bidhaa yenyewe ni uongo ilikuwa tangazo la bure la soko. Tukaita watu "zeruzeru". Na mtu mwenye ualbino tulimtafuta alipokuwa maiti tu. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa mbunge mwaka 2008. Salum Barwani alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010. Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria, akawa naibu waziri mwaka 2015. Ni watoto wangapi wa madrasa zetu wanaoyajua majina haya?

Ndugu zangu, kumrudisha mtoto nyumbani ni kazi yenye vitu vinavyohesabika. Anahitaji kofia pana, nguo ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kwa kuwa jua la shamba la pamba humletea saratani ya ngozi. Anahitaji kukaa dawati la mbele na kusoma maandishi makubwa, maana macho yake hayaoni mbali. Wengi wameitwa wajinga na walimu kwa sababu ya ubao tu. Zaidi ya vyote anahitaji majirani kumi walioapa kwamba atakayemgusa amewagusa wao. Zaka na sadaka zetu zinaweza kununua hivyo vya mwanzo. Hicho cha mwisho hakinunuliwi. Hujengwa na imamu, mwenyekiti wa kijiji na mwalimu, na hujengwa kwa mtoto kuonekana kila siku mpaka kuwepo kwake kuwe jambo la kawaida.

Siku Bariadi itakapokuwa na mtoto mwenye ualbino anayetembea peke yake jioni kutoka madrasa, bila askari wala ukuta, hapo tutasema tumempa haki yake. Kabla ya siku hiyo tuseme ukweli kwamba tumemficha tu. Allah atupe ujasiri wa kumkabili mwindaji.

Wabillahi tawfiq.