Mcheza Kwao

Wahenga wamenena: mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwao ni wapi, ikiwa sakafu anayoichezea imejengwa kwa fedha za mgeni?

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981. Mwaka 2002 ukumbi wake uliteketea kwa moto, kisha ukajengwa upya kwa msaada wa Sweden; na mwaka 2007 chuo kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Kwenye jukwaa kama hilo, kijana wa Ikoma, kutoka ukingoni mwa Serengeti, aweza kucheza bega kwa bega na Mzaramo na Mmakonde.

Wapo wasemao kwamba kupokea ni kujiuza. Hoja hiyo ni nyepesi. Moto uliunguza paa, haukuiunguza ngoma. Basi na aliyeezeka paa hakuinunua ngoma.

Hata hivyo, jukwaa lina desturi zake. Kijijini ngoma huwa na sababu, iwe arusi au tohara, na mtazamaji wa leo ndiye mchezaji wa kesho. Jukwaani hubaki dakika kumi na makofi. Sababu huachwa mlangoni.

Kwa hiyo deni zito si kwa mfadhili, ambaye hutosheka na hesabu safi na shukrani. Ni kwa mzee wa Ikoma, aliyeitoa ngoma bila kuandikiwa stakabadhi. Siku ya ufunguzi, je, naye huitwa? Huketi mbele kama mwalimu, au husimamishwa kando kama pambo? Hapo ndipo hujulikana kama ukumbi umekuwa kwao, au ni ugenini penye paa zuri.