Kumpima Binti kwa Alichonyimwa

Je, ni haki kumhukumu mtu kuwa hajui jambo ambalo mkono wake haukupewa nafasi ya kulitenda? Kila mwenye insafu atajibu kuwa si haki. Lakini jambo hili twalitenda kila siku, wala hatulioni kuwa ni dhulma. Leo twataka kulitazama kwa mfano wa somo moja, nalo ni kemia, jinsi lisomeshwavyo wasichana katika shule za sekondari.

Tuiache Pwani kitambo kidogo, tupande mpaka Manyatta, katika Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, penye mashamba ya chai na kahawa. Binti wa huko afanyapo mtihani wa taifa wa kidato cha nne hukuta karatasi tatu za kemia, na ya tatu ni ya vitendo, yenye alama 40. Hupewa bureti na pipeti, akaambiwa: pima. Alkali iliyotiwa fenolfthalini huwa na rangi ya waridi. Asidi hudondoshwa humo tone baada ya tone, hata rangi ikatoweka ghafula. Tone likizidi, kipimo kimeharibika.

Basi ujuzi huu haukai katika daftari. Hukaa katika vidole na macho. Mtu aweza kuhifadhi maneno yote ya kuogelea, na siku ya kwanza akazama.

Lakini penye vifaa haba, mara nyingi mwalimu husimama mbele akatenda peke yake, na darasa zima likatazama. Siku ya mtihani, yule aliyezoea kutazama huamrishwa atende. Akishindwa, husemwa: "Wasichana hawana akili ya sayansi." Hapo dhulma huwa mbili: kwanza amenyimwa, kisha amelaumiwa kwa kunyimwa kwake.

Wako wasemao kuwa vifaa ni ghali. Ni kweli. Lakini mwaka 1998 Kenya, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mpango wa kuwafunza walimu wa hisabati na sayansi, ulioitwa SMASSE. Katika mafunzo yake ni kwamba mwanafunzi ndiye atende, na mwalimu atumie vitu vilivyo karibu naye pale vifaa vinapokosekana.

Wako wasemao kuwa ni hatari. Nasi twauliza: mbona jikoni hatuwazuii? Mafuta ya moto nayo huunguza. Jiko lina adabu yake, na kemia ina yake: asidi hutiwa katika maji, wala maji hayatiwi katika asidi.

Tena wako wasemao: kemia itamfaa nini mwanamke? Udongo wa miteremko ile una asidi. Chai huupenda, lakini mahindi hudhoofika, na dawa yake mojawapo ni chokaa; jamaa ya ile chokaa ambayo wazee wetu waliipata kwa kuchoma matumbawe, wakajengea nyumba na misikiti. Ajuaye sababu hiyo aweza kuliokoa shamba la mamake. Na huko Nyeri, upande mwingine wa mlima huohuo, alizaliwa Wangari Maathai, aliyesoma biolojia pamoja na kemia huko Marekani, akapata shahada mwaka 1964, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Sisi wa Pwani tusidhani kuwa haya ni maneno ya bara. Kuanzia mwaka 2026, wanafunzi wa mtaala mpya waingiapo sekondari ya juu huchagua mkondo wa masomo, na kemia si lazima kwa wote. Kuchagua ni jambo jema. Lakini binti ambaye hajapata kushika bureti atachaguaje? Atakikimbia asichokijua, nasi tutasema: "Amejichagulia mwenyewe." Hiyo itakuwa dhulma ya tatu, nayo ni mbaya kuliko zile mbili, kwa kuwa imevikwa nguo ya uhuru.

Basi, enyi wazazi, muendapo shuleni msiulize alama peke yake. Ulizeni: "Binti yangu ametenda mara ngapi kwa mkono wake?" Nanyi walimu, mizani mmekabidhiwa, nayo ni amana. Mpeni kwanza, kisha mpimeni. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye insafu.