Hesabu ya mfalme na hesabu ya mchungaji

Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24, kinasimulia kwamba Mfalme Daudi aliamuru watu wake wahesabiwe, kisha ikaja tauni iliyoua watu 70,000. Wasomaji wa vizazi vingi wamejiuliza kosa la kuhesabu watu ni lipi. Simulizi lenyewe linatoa kidokezo: hesabu aliyoletewa mfalme ilikuwa ya wanaume wenye kushika upanga. Daudi alihesabu ili ajue nguvu zake. Injili ya Luka, sura ya 15, inatuonyesha hesabu ya namna nyingine. Mchungaji mwenye kondoo mia anahesabu ili ajue nani hayupo, na akishajua, anawaacha wale 99 na kwenda kumtafuta mmoja. Tendo ni lile lile. Kusudi ndilo linalotofautiana. Ninaamini tofauti hii ndiyo kipimo cha kwanza cha kutumia akili mnemba kwa uwajibikaji katika taasisi ya serikali inayotunza takwimu za afya. Ninaamini pia kwamba ni mahali pachache panapolidhihirisha jambo hilo kama Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo.

Tuanze na jinsi takwimu inavyozaliwa. Katika kituo cha afya, muuguzi anamwandika mgonjwa kwenye rejista: tarehe, jina, umri, kijiji anakotoka, ugonjwa, dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi anapitia ukurasa baada ya ukurasa, anajumlisha vijistari vyake vya kalamu, na kujaza fomu ya mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ule tunaouita SNIS. Fomu inapelekwa kwa pikipiki au kwa miguu hadi ofisi ya zoni ya afya, na huko inaingizwa katika DHIS2, programu iliyotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumiwa na nchi nyingi za Afrika. Hapo takwimu za Masisi, Kirotshe, Mweso, Katoyi, Walikale, Pinga, Kibua na Itebero zinakutana na za zoni nyingine zote za nchi, 519 kwa jumla. Sasa tuchukue mwezi ambao kituo kimeporwa, na muuguzi amekimbilia msituni pamoja na wagonjwa wake. Kwenye kompyuta ya Kinshasa, kisanduku cha surua kinabaki kitupu. Na DHIS2 isipopangwa makusudi ihifadhi sifuri, haiihifadhi. Kwa hiyo kituo kilichoandika sifuri kwa sababu hakuna mtoto aliyeugua, na kituo ambacho hakikuandika kitu kwa sababu hakubaki mtu wa kuandika, vinaweza kuonekana sawasawa kwa anayetazama tarakimu peke yake. Mtu aliyewahi kufanya kazi Pinga atashtuka na kuuliza kulikoni. Mashine haishtuki. Inajifunza kutokana na kile ilichopewa.

Isitoshe, hata visanduku vilivyojazwa vinasimama juu ya msingi unaoyumba. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Idadi ya watu ambayo kila asilimia ya chanjo inagawanywa kwayo ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio, na ndiyo maana si ajabu kuona zoni ikiripoti kuwa imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Tena watu wenyewe hawatulii mahali pamoja. Masisi-kati ilitekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi huo huo, na tarehe 19 Machi wapiganaji wakaingia Walikale-kati, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila tarehe kati ya hizo ina maana ya maelfu ya familia zilizobeba watoto mgongoni na kwenda kuugua katika zoni isiyokuwa yao kwenye vitabu. Hata wafu wetu hawajulikani idadi. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria mwaka 2008 kwamba vita na matokeo yake viliongeza vifo milioni 5.4 nchini kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007, wengi wakiuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo kuliko risasi. Watafiti wengine wakaupinga msingi wa hesabu hiyo na kudai idadi halisi iko chini sana. Wataalamu makini wanaweza kutofautiana kwa mamilioni ya roho kwa sababu hapakuwa na wa kuziandika zilipokuwa zinatoka.

Ukiiweka akili mnemba juu ya takwimu za namna hii, itafanya kile inachojua kufanya: itatafuta mfano unaojirudia na kuurefusha hadi kesho. Itabaini kwamba vituo vya kando ya barabara ya Sake vinatumia dawa nyingi, na kwamba vijiji vya ndani ya msitu wa Walikale havitumii sana. Kisha itapendekeza dawa ziende zilikokuwa zikienda. Hili si wazo la kubuni. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa mfumo uliotumiwa sana na hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Mfumo ule haukuambiwa rangi ya mtu. Uliambiwa ukisie gharama za matibabu, na gharama zikachukuliwa kuwa kipimo cha ugonjwa. Lakini Wamarekani weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa ule ule, hivyo mashine ikawaona wazima kuliko walivyokuwa. Watafiti walionyesha kwamba kosa hilo likirekebishwa, sehemu ya weusi kati ya wanaostahili msaada inapanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Mtu ambaye hakuhudumiwa jana alihesabiwa kuwa hahitaji huduma leo. Walikale, ambako kufika hospitali kunaweza kuchukua siku kadhaa, kosa hilo halingehitaji mtu mbaya wa kulitenda. Lingejitenda lenyewe.

Tumekwisha kuona pia jinsi kinachotazamwa kinavyofunika kisichotazamwa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287, na kila mgonjwa alifuatiliwa kwa jina, kwa namba na kwa ramani. Katika kipindi hicho hicho surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini tangu mwanzo wa 2019, wengi wao watoto wadogo, na dunia haikugeuza kichwa kwa kiasi kile. Sisemi Ebola ilitazamwa kupita kiasi. Nasema wingi wa takwimu hufuata macho na fedha kabla ya kufuata maumivu, na chombo kinachojifunza kutokana na takwimu hurithi macho ya waliozikusanya. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mashine iliyofunzwa kwa tarakimu haikufunzwa methali hiyo.

Kwa hiyo swali la maadili linatangulia swali la ufundi: nani ana haki ya kusema kwa niaba ya asiyesema? Programu inapojaza kisanduku kitupu kwa makadirio, inatoa ushahidi kuhusu watu ambao hawakuulizwa. Ushahidi huo unaweza kuwa wa kweli au wa uongo, lakini mwanadamu akitoa ushahidi wa uongo tunajua la kumfanya: anaitwa, anaulizwa, anaona haya, anaomba msamaha, analipa. Dini zetu zote zimejenga haki juu ya uwezekano huo wa kuitwa na kujibu. Kurani, katika Surat An-Nisaa aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na amri hiyo ina maana kwa sababu anayeambiwa anaweza kutii au kukaidi. Mashine haiwezi kubeba amana kwa kuwa haiwezi kuivunja kwa kujua. Ikikosea, hakuna aliyetubu. Taarifa za mgonjwa ni amana ya namna ya pekee, kwani mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa hayuko katika nafasi ya kukataa kutaja jina la kijiji chake. Aliyeipokea amana hiyo, yaani serikali, hawezi kumkabidhi mwingine asiyeweza kujibu, halafu akasema mkono wake ni safi.

Wapo watakaosema haya ni mazungumzo ya walioshiba. Watu wanakufa, waganga ni wachache, na kifaa kinachoweza kugundua kipindupindu wiki moja mapema hakipaswi kusubiri wanafalsafa wamalize kubishana. Pingamizi hili ni zito na sitaki kulikwepa. Kuchelewa nako kunaua, na anayezuia chombo chenye manufaa kwa kuogopa kosa anabeba dhambi yake pia. Lakini tuangalie ni kazi gani inayookoa. Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba ripoti ya wiki ya kituo fulani hailingani na dawa kilichotumia, au kwamba maeneo matatu jirani yamenyamaza wakati mmoja, au kwamba akiba ya chanjo itaisha kabla ya gari lijalo. Hizo ni kazi za kuamsha swali, na binadamu anaweza kulijibu siku hiyo hiyo kwa simu au kwa pikipiki. Kinachonitia hofu ni kazi ya kufunga swali: kuamua, bila mtu kwenda kuangalia, kwamba eneo fulani linaweza kungoja. Kutenganisha kazi hizo mbili hakucheleweshi tiba hata kwa saa moja.

Wengine watasema binadamu naye ana upendeleo: afisa huwapa watu wa kabila lake, mwingine huuza dawa sokoni, na mashine walau haina ndugu. Ni kweli haina ndugu. Lakini mfumo ule wa Marekani nao haukuwa na ndugu wala chuki, na bado ulibagua. Upendeleo wa mtu unaonekana, unalalamikiwa, unaweza kufikishwa mbele ya CODESA, yaani kamati ya maendeleo ya eneo la afya, au mahakamani. Upendeleo uliojificha ndani ya hesabu unakuja umevaa vazi la sayansi, na mwanakijiji anayeonewa hajui aelekeze kidole wapi. Dawa ya afisa mpotovu ni uwazi na usimamizi. Kumficha nyuma ya programu kunamwondolea aibu tu, wala hakumwongezei uadilifu.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote linatoka ndani ya hoja yangu mwenyewe. Ikiwa wajibu ni kumtafuta asiyeonekana, je, hatumfichui kwa wanaomwinda? Katika nchi hii kujificha mara nyingi ndiko kupona. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na watu walilengwa kwa kabila lao. Mwaka uliofuata, kule Rwanda, kadi zenye jina la kabila ziligeuka hati za kifo vizuizini. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji vya Walikale, Luvungi kikiwa kimojawapo, wapiganaji waliwabaka watu wasiopungua 387 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Ukifuta majina katika faili la kijiji chenye nyumba chache, ukaacha umri, wiki na huduma aliyopewa mwathirika, majirani wote watajua ni nani. Na katika eneo linalobadilisha mikono kama Masisi, anayeitunza kompyuta leo huenda asiwe ndiye atakayeitunza kesho. Jibu langu ni kwamba tunatafuta mahali palipo kimya, si mtu aliyejificha. Taasisi inaweza kujua kwamba eneo zima la afya halijaripoti kwa wiki nne bila kujua jina la hata mkazi mmoja, na hiyo inatosha kumtuma mhudumu. Anayekwenda ndiye akutane na mtu uso kwa uso, na siri ya mtu huyo ibaki kwenye rejista ya kituo. Kabila lisiandikwe kabisa, na kisichohitajika kwa tiba kisikusanywe.

Misingi ya kisheria na ya kimaadili ipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maadili ya akili mnemba katika afya mwezi Juni 2021, na uwajibikaji wa binadamu ni mojawapo ya kanuni zake sita. Kongo yenyewe ilipata Sheria ya Masuala ya Kidijitali kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda taarifa binafsi, na ina wakala, ANICiiS, uliokabidhiwa masuala ya taarifa na kompyuta katika afya. Kinachobaki ni kuishusha misingi hiyo hadi kwenye ripoti ya kila wiki. Kila ramani au utabiri uliotokana na akili mnemba utoke pamoja na orodha ya maeneo ya afya ambayo hayakuripoti, yakionyeshwa kwa alama isiyoweza kuchanganywa na sifuri. Makadirio yaliyojaza pengo yasomeke kuwa makadirio. Kabla eneo lolote halijapunguziwa dawa au chanjo, orodha ipelekwe kwa wanaoweza kuipinga: muuguzi mkuu wa kituo, CODESA, wale wahudumu wa kijiji tunaowaita relais, katekista na mchungaji, kwa sababu wao wanajua watoto wangapi wamezikwa mwezi huu hata pale fomu haikufika. Chini ya uamuzi liwepo jina na sahihi ya afisa atakayeulizwa baadaye. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji kompyuta mpya au fedha za wafadhili. Yanahitaji taasisi ikubali kutangaza hadharani isichokijua, na ikiwa haiko tayari kufanya hivyo kwa Masisi na Walikale, bado haijawa tayari kutumia akili mnemba popote nchini.