Hirizi ya Tibet na Hirizi Yetu



Huko Tibet watu huvaa gau: kisanduku cha fedha au shaba, chenye feruzi na marijani iliyoletwa na wafanyabiashara, maana Tibet haina bahari. Ndani hutiwa karatasi ya dua au sanamu ndogo ya Buddha. Msafiri hukivaa kimlinde njiani. Kwa wanawake kimekuwa pambo pia.

Usiwacheke. Tazama mkono wa mtoto wako: ile hirizi ya ngozi, umewahi kusoma kilichomo? Akishikwa na homa, unaikaza kamba au unampeleka hospitali? Woga ni wa wanadamu wote. Lakini kilichoshonwa na mkono hupotea, Mlinzi hapotei. Mwombe Yeye, kisha mpeleke mtoto kwa daktari.

Wabillahi tawfiq.