Mcheza Kwao na Amtazamaye

Husemwa kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa kwa kumwelekea mchezaji, na maana yake huchukuliwa kuwa mtu afanyaye jambo mbele ya watu wake hakosi fungu lake. Ni nadra kuulizwa habari za upande wa pili. Kama yuko atunzwaye, hapana budi yuko atunzaye. Na kama mchezaji ana haki ya kutunzwa, yaelekea mtazamaji ana deni. Deni hilo ni la namna gani? Je, mtu asiyekwenda penye ngoma, asiyesikiliza hadithi wala kuitikia wimbo, amemkosea yeyote? Na yule aliyekwenda, akaketi, akatazama, kisha akarudi kwake, amelipa?

Mjini swali hili laweza kuonekana dogo, maana mlangoni yupo mpokea fedha, na aliyetoa fedha hujihesabu kuwa amemaliza deni lake. Kijijini si dogo. Kwai ni kijiji cha milimani katika wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Ardhi yake huota kabichi, viazi na karoti, na mazao ya milima hiyo huteremshwa kwa njia ya Soni hata Mombo, yakaenda kuliwa Dar es Salaam na watu wasiopata kuiona milima yenyewe. Katika vitabu Kwai hutajwa kwa sababu moja hasa: mwaka 1896 Wajerumani waliweka pale kituo cha majaribio ya kilimo, miaka 6 kabla ya taasisi ya Amani kuanzishwa katika Usambara ya mashariki. Walijaribu mbegu na mifugo ya kwao katika baridi iliyowakumbusha Ulaya. Katika lugha yao neno moja lilitosha kwa ukulima wa shamba na kwa elimu na sanaa za watu. Kiswahili kilishika njia nyingine. Neno utamaduni limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni madina, yaani mji. Basi kwa Mjerumani jambo hili lilianzia kondeni, na kwa Mswahili lilianzia mjini. Mkulima wa Kwai akaachwa katikati, mwenye konde ambalo mgeni alitaka kumfundisha kulilima, na asiye na mji ambao mwungwana wa pwani angeuita mji.

Yako maneno mawili ambayo hutumiwa kama ndugu pacha, na si pacha. Kuhudhuria ni kuwapo kwa mwili mahali palipo jambo. Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo lenyewe, na kwa hiyo neno hili ni jamaa ya shirika na ushirika. Mtu aweza kuhudhuria asishiriki, kama mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake katikati ya vifijo. Aweza pia kushiriki asihudhurie. Mwanamke aliye nyuma ya nyumba, machoni moshi, akipika wali wa harusi, huenda asiione ngoma hata kwa dakika moja. Lakini hapana ajuaye harusi atakayethubutu kusema kuwa hakushiriki.

Wahesabu wa dunia hupendelea neno la kwanza, kwa kuwa mwili wahesabika. Serikali ya Marekani, tangu mwaka 1982, imekuwa ikiwauliza watu wazima mara kwa mara kama katika miezi 12 iliyopita walikwenda kutazama mchezo wa kuigiza, kusikiliza muziki wa aina fulani, au kuingia katika jumba la makumbusho. Maswali hayo si mabaya, wala hayakuwa hayo peke yake. Walioyatunga waliuliza pia habari za wale wajifanyiao sanaa wenyewe. Lakini moyo wa hesabu ulikuwa mahudhurio. Hesabu hiyo ikipelekwa Kwai, yule mpishi ataulizwa kama aliingia penye jumba la maonyesho, naye atajibu hapana, kwa kuwa jumba halipo. Ataandikwa katika safu ya wasiohudhuria. Hatakuwapo mtu wa kumwuliza kama mwaka ule alisimulia hadithi, kama aliimba katika kwaya au alisoma maulidi, kama alipiga vigelegele mwali alipotolewa nje.

Na hapo ndipo penye tofauti ya tabia, si ya hesabu tu. Katika hadithi ya jioni msimulizi hawezi kuanza peke yake. Akisema paukwa, hungoja ajibiwe pakawa. Asipojibiwa hunyamaza, na watoto hupata hasara waliyoitaka wenyewe. Katika mdumange, ngoma ya Wasambaa, mwenye kusimama pembeni akipiga makofi hajulikani yuko ndani au nje, na baada ya muda miguu yake yenyewe hukata shauri. Neno ngoma limekumbatia chombo kipigwacho, mchezo uchezwao na mkutano wa watu wanaoucheza, yote matatu kwa jina moja. Lugha isingalifanya hivyo kama watu wake wangaliona kuwa vitu hivyo vyaweza kuachana.

Jean-Jacques Rousseau aliliona jambo hili mbali na Usambara. Mwaka 1758 aliandika waraka mrefu kupinga kujengwa kwa jumba la michezo katika mji wake wa Geneva. Aliona kuwa watu huingia katika jumba la namna hiyo kana kwamba wanakutana, kumbe kila mmoja yuko peke yake gizani, akiwalilia watu wa uongo na kuwasahau jirani zake wa kweli. Alitaka badala yake sikukuu za uwanjani, ambamo watazamaji wenyewe ndio wawe mchezo. Alizidisha chumvi, kama ilivyokuwa desturi yake. Mtu aliyekaa kimya mbele ya mchezo mzuri aweza kufanya kazi kubwa moyoni kuliko arukaye uwanjani bila fikira. Lakini hofu yake haikufa naye. Leo katika ngoma za harusi huonekana vijana wameinua simu zao juu, wakiitazama ngoma iliyo hatua tatu mbele yao kwa njia ya kioo cha upana wa kiganja. Wamehudhuria mara mbili, kwa mwili na kwa picha, na mikono yao haina nafasi ya kupiga makofi.

Taarabu ya Tanga yafundisha zaidi kuliko Geneva. Katika mji huo wa chini ya milima, ambao vyama vyake vya Black Star na Lucky Star vilisikika Afrika Mashariki nzima, msikilizaji haketi tu. Ubeti ukimgusa huondoka kitini, hujongea kwa madaha mpaka mbele, akamtuza mwimbaji fedha. Na pengine mkono wenye noti hupita kwanza mbele ya macho ya hasimu wake, ili wote wajue ubeti ule umemwangukia nani. Mtunzi aliandika maneno, lakini hakuandika yamhusu nani: hilo huandikwa na mwenye kutuza. Watu wa adabu hulalamika kuwa desturi hii huleta ugomvi. Huleta, ni kweli. Lakini ni ushahidi kuwa tuzo halikuwa sadaka ya kumsaidia mwimbaji, wala bei ya kiti. Lilikuwa neno la msikilizaji mwenyewe, na wimbo bila neno hilo ungalibaki nusu.

Wasambaa wana kisa kikubwa kuliko vyote juu ya kupeana. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, alisimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, akapanda milimani bila kabila wala mali. Aliwapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha mashamba yao. Aliua simba, na mwisho akatawazwa Vugha. Wanachuoni wamebishana ni kiasi gani cha kisa hicho ni tarehe. Kwa swali lililo hapa si kitu. Kilicho na uzito ni kuwa watu wa milima, walipotaka kueleza jinsi mgeni alivyogeuka kuwa wao, hawakusema aliwashinda, wala hawakusema walimtazama wakampenda. Walisema alitoa na akapokea. Mkutano wa sanaa hauna sheria nyingine. Mchezaji ana nyama yake na mtazamaji ana ugali wake, na asiyeleta chochote, hata akiwa amekaa kiti cha mbele, amekula tu.

Ikiwa hivyo ndivyo, je, watu walazimishwe kuleta? Milima hiyo ilipata kujaribiwa kwa shurti. Kuanzia mwaka 1946 katika bonde la Mlalo, na baadaye katika sehemu nyingine za Usambara, serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima kujenga matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ya kuhifadhi udongo yaweza kutetewa. Lakini kazi ilifanywa kwa hofu ya faini, watu waliipinga, na kabla ya uhuru mpango ulikuwa umeanguka. Mahudhurio yalikuwapo, ushirika haukuwapo. Aliyetuta kwa kuogopa hakimu alikuwa amehudhuria tuta lake kama mfungwa ahudhuriavyo mazoezi ya asubuhi.

Ngoma nayo haikuepuka. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kushika urais, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kuwa wasomi wengi walijivunia dansi za Ulaya huku hawazijui ngoma za wazee wao. Masikitiko hayo yalikuwa ya haki, na mema mengi yalifuata: kikundi cha ngoma cha taifa, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Lakini upande mwingine wa habari ni kuwa ngoma za vijijini zilianza kuitwa barabarani na viwanjani kumlaki mkubwa ajaye. Wachezaji walisimama juani tangu asubuhi, wakacheza dakika chache gari liliposimama, wakanyamaza gari lilipoondoka. Wa kuwatunza hakuwapo, kwa kuwa mtazamaji aliyekusudiwa alikuwa na safari. Mcheza kwao aligeuzwa kuwa mcheza kwa mgeni, katika ardhi yake mwenyewe.

Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lasema katika kifungu cha 27 kuwa kila mtu ana haki ya kushiriki kwa hiari katika maisha ya utamaduni wa jamii yake na kufurahia sanaa. Neno hiari lapaswa kuangaliwa. Haki ya kushiriki kwa hiari haiwi haki ikiwa haina ndani yake ruhusa ya kukaa nyumbani. Wako wakaao nyumbani kwa sababu ya imani, wakiona kuwa ngoma fulani haipatani na dini yao. Wako wakaao kwa msiba. Wako wakaao kwa kuwa nyimbo za ngoma ile zawatukana. Kutokwenda kwao ni usemi. Kuwahesabu pamoja na wavivu ni kutowasikia. Na wako, tena wengi, wasiokwenda kwa sababu hawawezi. Athens ya kale iliitambua shida hiyo, ikaweka fungu la fedha ili raia fukara wasikose michezo ya sikukuu. Huko Kwai kizuizi si bei ya kiti. Ni mzigo wa kabichi utakaooza usipofungwa usiku ili gari la alfajiri liuchukue.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo hoja ya hiari hailimalizi. Mmoja akikaa nyumbani hakumkosea mtu. Wa pili naye hakumkosea mtu, na wa kumi, na wa mia. Kila mmoja ana udhuru, na kila udhuru ni wa kweli. Lakini ukifika mwaka ambao wote wana udhuru, mpigaji ngoma mzee hufa na mapigo yake, na kijana wa kuyapokea hayuko. Kitu kimepotea ambacho hakuna aliyekiiba. Asiyekuwapo na lake halipo, husema wahenga, na hapa la kila mtu halipo. Maadili yaliyozoea kutafuta mkosaji mmoja hubaki hayana la kusema. Kisambaa kilikuwa na usemi wa madhara ya namna hii: kubana shi, kuiharibu nchi, na kinyume chake kuzifya shi, kuiponya. Usemi huo ulihusu mvua, njaa na ugomvi wa wenye nguvu, haukuhusu ngoma za kujifurahisha. Lakini uliona kuwa nchi nzima yaweza kuugua kama mtu mmoja augua, na kuwa uganga wake si wa mtu mmoja. Pengine ni hapo, wala si katika mizani ya haki ya huyu na wajibu wa yule, deni la mtazamaji lingetafutwa. Hadaiwi na ngoma, wala hadaiwi na serikali. Adaiwa na wale watakaokuja wakute uwanja, au wasiukute.

Na achukuliwe mwanamke mmoja wa Kwai, asiye na jina kwa kuwa ni wengi. Ni jioni, na ng'ambo ya bonde pana harusi. Ameketi mlangoni na kibatari, afunga mzigo wake wa mboga. Milima hupeleka sauti mbali, na ngoma yamfikia safi kana kwamba iko nyuma ya mgomba. Hawezi kwenda, gari litapita kabla ya jua. Ngoma yabadili pigo, na kwa pigo hilo atambua, asiambiwe na mtu, kuwa sasa bibi arusi anatolewa nje. Aacha kamba, ainua kichwa, apiga vigelegele gizani. Kutoka nyumba ya pili mwingine ajibu, na chini kabisa karibu na mto wa tatu.