Alitekwa, Akatunzwa: Sifa Ni ya Nani?

Kwetu Njombe, baridi ya Julai ikishauma, watu hujikunyata motoni na habari za ukoo zinaanza. Sisi tuna moja isiyokosa kusimuliwa. Bibi yake bibi yangu alitekwa na Wangoni akiwa binti mdogo, akapelekwa upande wa Songea, akaolewa na mtu mkubwa. Binti yake ndiye aliyekuja kuolewa huku. Msimuliaji humalizia hivi: "Lakini alitunzwa vizuri. Alikuwa na bahati."

Juzi nilikaa Makambako nikisubiri basi, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu, nikasema moyoni: hivi bahati gani hii inayoanza kwa kutekwa?

Swali hili lilinijia nikiwa nimetoka kusoma kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mama yake, Jilfidan, hakuzaliwa Zanzibar. Alitoka Circassia, kwenye milima ya Kaukazi. Vita viliingia kwao, wazazi wake wakauawa, yeye na ndugu zake wakachukuliwa na kutenganishwa. Alifika kwa Sultani akiwa bado mtoto, akalelewa pamoja na mabinti wa nyumba ile, baadaye akawa suria. Salme anamweleza kama mama mpole, mwepesi kusaidia wagonjwa, aliyependwa na wengi. Alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859.

Tukienda mbali zaidi, Töregene alikuwa mke wa mtu wa Wamerkit, watu walioshindwa na Genghis Khan. Alipewa Ögedei, mwana wa yule mshindi. Ögedei alipofariki mwaka 1241, mwanamke huyu alishika himaya ya Wamongolia hadi mwanawe alipotawazwa mwaka 1246.

Sasa, msomaji, tuseme nini? Wako wanaosema mwisho mwema unafuta mwanzo mbaya. Wengine wanasema mateka ni mateka tu, hata akivaa dhahabu, na furaha yake haihesabiki. Mimi kote kote nasita. Huyu wa pili anamnyang'anya Jilfidan hata upole wake, kana kwamba nao ulikuwa mali ya jumba la Mtoni.

Rafiki yangu mmoja alinibishia. Alisema zama zile hata binti aliyebaki kwao hakuchagua mume. Kweli kabisa. Ila aliyebaki kwao, akipigwa, alikuwa na baba, alikuwa na mjomba, alikuwa na mlango wa kurudia. Aliyetekwa alirudi kwa nani, na nyumba yao imeshachomwa? Suria aliyezaa alikuwa huru bwana wake akifa, na watoto wake walizaliwa huru. Ni jambo kubwa hilo, lakini halikumrudishia mama yake.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Maisha mazuri aliyojenga mateka ni ya kweli, wala tusiyadharau. Lakini sifa yake ni ya yule aliyeyajenga. Nyumba iliyomteka haina sifa ya kudai hapo. Tunaposema "alitunzwa", tunamshukuru mtekaji. Tukisema "alijitahidi, akaishi, akapenda watoto wake", hapo tunamtaja yeye.

Na sisi tuliozaliwa kutokana na kutekwa kule tuna deni. Bila siku ile mimi nisingekuwepo. Kufurahi kwamba nipo hakunilazimu kuifurahia siku ile.

Jina alilopewa na wazazi wake hatulijui. Ukoo mzima unalijua jina la mumewe. Julai ijayo, moto ukiwashwa, nitaomba nianze mimi kusimulia, na nitaanzia kwa wazazi wake, jioni ile walipomtafuta wasimwone.