Haki ya Tabaka la Chini

Kiswahili kina vitenzi vinne ambavyo asiyeangalia huvidhani ni kimoja: kufunika, kuficha, kufuta na kufumba. Chungu hufunikwa ili chakula kisiingie vumbi. Fedha hufichwa ili mwizi asizione. Maandishi ya ubaoni hufutwa ili ipatikane nafasi ya kuandika mengine. Ama maana, hiyo hufumbwa, tena hufumbwa kwa tumaini kwamba atatokea wa kuifumbua. Vitendo vyote vinne humwondolea mtazamaji kitu machoni, lakini havilingani kwa nia, wala havistahili hukumu moja.

Tofauti hii, ambayo watu wa mashairi wanaijua tangu zamani, ndiyo inayohitajiwa katika kulipima jambo moja lililo kiini cha sanaa za picha, ziwe za brashi au za kamera: kuweka tabaka juu ya tabaka. Picha nyingi zinazosifiwa ulimwenguni si uso mmoja. Chini ya rangi pana rangi, chini ya umbo pana umbo. Basi huzuka maswali mawili ya haki. Kwanza, tabaka la juu linadaiwa nini na tabaka la chini? Pili, anayekuja baadaye na kugundua kwamba chini ya anachokiona kuna kingine, anayo ruhusa ya kukwangua?

Yafaa kuanza na filamu, kwani humo matabaka huonekana waziwazi. Mwaka 1921 ilionyeshwa nchini Uswidi filamu isiyo na sauti iitwayo Körkarlen, iliyoongozwa na Victor Sjöström kutokana na riwaya ya Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kisa chake ni kwamba mtu anayekufa wa mwisho katika mkesha wa mwaka mpya, saa sita ya usiku ikigonga, hulazimika kuliendesha gari la farasi la Mauti kwa mwaka mzima, akizikusanya roho za wafu. Mlevi mmoja, David Holm, aliyemtesa mkewe na kuiharibu nyumba yake, anafikiwa na gari hilo, na roho yake inatoka mwilini mbele ya macho ya watazamaji: mwili umelala chini, na mtu yule yule amesimama kando yake, mwepesi kama moshi, vitu vilivyo nyuma yake vikionekana kupitia kifua chake.

Mpiga picha wake, Julius Jaenzon, hakuwa na kompyuta. Njia iliyokuwapo ni kulipiga tukio la kwanza, kuurudisha nyuma ukanda ule ule ndani ya kamera, kisha kulipiga tukio la pili juu ya lile la kwanza. Kamera za siku hizo zilizungushwa kwa mkono, na mkono ulipaswa kwenda kwa mwendo mmoja kila mara, la sivyo mzuka usingeoana na chumba unamopita. Lakini ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika tabia ya ukanda wenyewe. Mahali palipojaa mwanga mara ya kwanza hapapokei tena kitu, na picha ya pili hukaa vyema pale tu ambapo ya kwanza imeacha giza. Ndiyo maana mzuka huonekana dhahiri mbele ya ukuta mweusi, na hupotea mbele ya dirisha jeupe.

Katika ufundi huu mna adabu. Tukio la kwanza lisiloacha giza halimkaribishi mwenzake. Tukio la pili nalo halina uwezo wa kulifuta la kwanza. Laweza tu kukaa pamoja nalo. Walio hai na wafu wanaonekana katika uso mmoja, na hakuna anayemkana mwingine. Na hili ndilo fundisho la kisa chenyewe, kwa kuwa Holm haadhibiwi kwa moto wala kwa mjeledi. Anaonyeshwa yaliyopita, yakiwa hai chini ya yaliyopo, na anatambua kwamba ulevi wake wa miaka mingi uliyafunika tu, haukuyafuta.

Rangi ya mafuta, kinyume cha mwanga, haipitishi. Mchoraji akiisha kupaka tabaka zito juu ya umbo, umbo lile limekwenda, na anayetazama hana habari nalo. Hapo ndipo swali la haki linapokuwa zito.

Mfano ulio bayana ni picha ya Johannes Vermeer, Mholanzi aliyefariki mwaka 1675, inayohifadhiwa Dresden, Ujerumani. Picha hiyo, ya miaka ya 1657 hadi 1659 hivi, inamwonyesha msichana aliyesimama karibu na dirisha lililo wazi akisoma barua. Ilipoingia katika hazina ya mtawala wa Saksonia mwaka 1742 ilidhaniwa kuwa kazi ya Rembrandt. Vizazi kwa vizazi waliipenda kwa sababu ya ukuta mtupu ulio nyuma ya msichana. Utupu ule ulisomwa kama ukimya. Haikujulikana barua inasema nini, na ukuta haukusema. Wengi waliona kwamba ukuu wote wa picha umo humo.

Mwaka 1979 eksirei ilionyesha kwamba ukuta haukuwa mtupu. Chini ya rangi yake palikuwa na picha ndani ya picha: Kupido, mtoto ambaye Warumi wa kale walimfanya mungu wa mapenzi, amesimama na upinde wake. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kuwa Vermeer mwenyewe ndiye aliyemfunika, na kwa imani hiyo waliacha mambo yalivyo. Kazi ya kuitengeneza picha ilipoanza mwaka 2017, uchunguzi wa rangi ulileta habari nyingine. Kati ya rangi ya Kupido na rangi ya ukuta palikuwa na vanishi na uchafu uliokusanyika kwa miaka mingi. Vumbi hilo likawa shahidi. Aliyempaka Kupido na aliyemfunika hawakuwa mtu mmoja, na huyo wa pili alikuja baada ya Vermeer kuzikwa. Basi rangi ya ukuta ikaondolewa kidogo kidogo, kwa kisu chembamba chini ya hadubini, na mwaka 2021 picha ikaonyeshwa ikiwa na Kupido wake. Chini ya unyayo wa mtoto huyo zimelala barakoa, alama ya hila inayokanyagwa na mapenzi ya kweli.

Je, ilikuwa haki? Wako waliosikitika, na sikitiko lao si la kudharauliwa. Waliupenda ukimya, wakaletewa maelezo. Isitoshe, ukuta mtupu nao ulikuwa na umri wake na historia yake. Haukuwa doa la jana. Lakini hoja yao ina pengo. Ukimya walioupenda hawakupewa na Vermeer. Walipewa na mtu asiyejulikana, aliyesema kwa kinywa cha mwingine bila kutaja jina lake. Msomaji wa mashairi alielewe hili kwa kulifikiria shairi ambalo mnakili amelipunguza beti mbili, kisha likasifiwa miaka mia mbili kwa ufupi wake. Sifa ni ya kweli, na ufupi huenda ukawa mzuri, lakini mtunzi hakuutunga.

Lau kama Vermeer mwenyewe ndiye aliyemfunika Kupido, hukumu ingegeuka. Mtunzi anayekata mstari wake anao uwezo huo, na anayeurudisha bila ruhusa yake humkosea. Katika makumbusho ya sanaa ya Chicago iko picha ya Pablo Picasso ya mzee kipofu mwenye gitaa, iliyochorwa mwaka 1903 na 1904. Chini ya mzee huyo yumo mwanamke ambaye Picasso alimwanza kisha akamwacha, na uso wake huonekana kwa mbali kupitia rangi. Eksirei imemthibitisha, na mzee hakukwanguliwa ili mwanamke apate kutoka. Kumjua kunatosha. Hapa yajitokeza kanuni ya kwanza: la kuulizwa mbele ya tabaka lililofunikwa si kama ni zuri, bali ni nani aliyelifunika, na kwa idhini ya nani.

Neno idhini lina mfano wake wa ajabu. Mwaka 1953 kijana Robert Rauschenberg alimwendea Willem de Kooning, aliyemzidi kwa umri na kwa jina, akamwomba mchoro ili aufute. De Kooning hakulipenda wazo hilo, lakini alikubali, tena kwa makusudi akatoa mchoro ambao angeujutia na ambao usingefutika kirahisi. Kijana alisugua kwa majuma mengi. Kilichobaki ni karatasi yenye alama hafifu, nayo imewekwa ndani ya fremu pamoja na kibandiko kinachosema kuwa huo ni mchoro wa de Kooning uliofutwa, na kwamba aliyeufuta ni Rauschenberg. Mtu aweza kuiona kazi hiyo kuwa mzaha, lakini hawezi kuiita hila. Mwenye mchoro aliridhia, na tabaka la juu limeandika jina la tabaka la chini. Waliompaka ukuta msichana wa Dresden hawakufanya lolote kati ya haya mawili.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kanuni hiyo hukwama, napo ni Aya Sofia ya Istanbul. Jengo hilo lilikamilishwa mwaka 537 likiwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453, makumbusho kwa amri ya mwaka 1934, na msikiti tena mwaka 2020. Nakshi zake za vijiwe vya rangi, zenye sura za watu, zilifunikwa kwa lipu zama za Waislamu. Ndugu wawili Fossati, wasanifu waliopewa kazi na Sultani Abdülmecid mwaka 1847 hadi 1849, walizifunua nyingi, wakazichora kwa kumbukumbu, kisha wakazifunika tena. Kuanzia mwaka 1931 zilifunuliwa upya chini ya uongozi wa Thomas Whittemore. Lakini juu kabisa, ndani ya kuba, yapo maandishi ya Aya ya Nuru yaliyoandikwa na Mustafa İzzet Efendi, mmoja wa wakuu wa khati wa karne ya 19. Ikiwa chini ya maandishi hayo kumesalia sura ya kale, hakuna njia ya kuifikia ila kwa kuyabomoa.

Huyu si mpakaji asiye na jina. Ni bingwa aliyeandika neno ambalo kwa waumini si pambo. Tabaka la juu lina haki yake, na la chini lina yake, na anayesema kuwa la kale ndilo la kweli kila mara amesahau kwamba la kale nalo lilikuja juu ya kitu. Hapa mwenye busara huacha. Ufunuo unaodai uharibifu wa kilicho hai na chenye thamani sawa si ufunuo tena. Ni ufutaji mpya uliovaa joho la elimu.

Tena Aya Sofia yatoa ushahidi wa pili, ambao watu wa pwani hawana haja ya kuufuata mbali. Anayeishi katika nyumba ya mawe anajua kwamba chokaa haimdhulumu jiwe. Inalikinga na mvua na chumvi, na ukuta ulioachwa uchi miaka mingi ndio unaomomonyoka. Lipu ya Istanbul ilifanya kazi hiyo pia. Sura zilizositiriwa ziliepukana na nyundo, na nyingi zilizosalia zilisalia kwa kuwa zilifunikwa. Yawezekana aliyepaka lipu alitaka zisionekane tu, lakini tendo lake likawa amana: alizikabidhi kwa watu ambao hakuwajua.

Katika zama hizi matabaka yamekuwa mepesi mno. Ndani ya kompyuta kila umbo hukaa peke yake, laweza kuwashwa na kuzimwa, hadi siku yote yanapounganishwa kuwa picha moja. Baada ya hapo pameondoka giza la Jaenzon, limeondoka vumbi lililotoa ushahidi Dresden, na kimeondoka kibandiko cha Rauschenberg. Kosa halimo katika chombo, kwani filamu ya hadithi inayojenga jiji lisilokuwapo haimdanganyi aliyekata tiketi akijua anakwenda kutazama hadithi. Kosa huingia pale mtu anapoondolewa kwenye picha ya mkutano aliohudhuria, au anapotiwa katika jambo ambalo hakulifanya, na mshono wote ukafichwa ili asiwepo wa kuuliza.

Basi jibu lipo katika vile vitenzi vinne. Msanii ana ruhusa ya kufunika, na pengine kufunika ndiko kunakohifadhi. Ana ruhusa ya kufuta kilicho chake, au alichoridhiwa na mwenyewe. Ruhusa ya kuficha hana, ikiwa kuficha ni kumfanya mtazamaji aamini kwamba chini hapana kitu na hapakuwa na mtu. Na sanaa iliyo bora ya matabaka ni ile inayofumba. Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mshairi anayeweka maana ya pili chini ya ile ya kwanza huacha ufa mdogo mahali fulani, neno lisilokaa sawasawa, kina kinachoita sikio. Ufa huo ni heshima kwa msomaji, kwa kuwa unamwambia kwamba chini kuna jambo, na kwamba anadhaniwa kuwa mtu anayeweza kulifikia.